Wenyewe Walifukuzwa, Chungu Kikabaki

Yako maneno ambayo mtu wa pwani huyasikia tangu utotoni hata akazeeka nayo. Huambiwa kwamba pilau si yake, ni ya Wahindi. Biriani si yake, ni ya Waajemi. Halua ni ya Waarabu. Na sambusa, hata kama haijulikani ni ya nani, madhali si yake. Mwisho wa hesabu hiyo Mswahili huachiwa sinia tupu, kisha huulizwa: kama hata chakula chako ni cha kuazima, wewe mwenyewe u nani? Mimi nimeyasikia maneno haya barazani, nimeyasikia harusini na tonge la pilau lingali mdomoni mwa msemaji, na nimeyasoma yakiandikwa na watu waliosoma kunishinda.

Leo sikusudii kumjibu mtu kwa hasira. Nakusudia kumshika mkono msomaji mpenzi nimpeleke jikoni kwa watu wengine kabisa, huko Ulaya, ambako kila taifa lina chakula chake cha fahari na hapana athubutuye kuliambia kwamba si chake.

Tazama kwanza haya machache. Mhungaria hujivunia mchuzi wake mwekundu wa pilipili, uitwao goulash. Muitaliano hawezi kuwazia jiko lisilo na nyanya. Mwairishi na kiazi ni kama mvuvi na wavu. Lakini pilipili ile, nyanya ile na kiazi kile vyote ni mimea ya Marekani, na kabla ya mwaka 1492 hapana mtu wa Ulaya aliyepata kuionja. Pilipili ilipowafikia Wahungaria ilipitia mikononi mwa Waturuki. Juu ya hayo yote, sijapata kusikia Mhungaria akiulizwa kama yeye ni taifa au si taifa kwa sababu ya pilipili.

Hayo ni mambo ya mimea tu. Kisa nikitakacho hasa ni kizito zaidi, nacho chatuhusu sisi tuliosoma chuoni. Kilitokea katika nchi tatu za Ulaya ambako Waislamu walikaa karne nyingi: Uhispania, Ureno na kisiwa cha Sicily. Katika nchi hizo watu walifukuzwa, misikiti ikageuzwa, lugha ikapigwa marufuku. Lakini chungu kilibaki mekoni, na hata leo chatokota.

MANENO YA CHUO JIKONI KWA MHISPANIA

Waislamu waliingia Uhispania mwaka 711 pamoja na Tariq bin Ziyad, na mji wao wa mwisho, Granada, uliangushwa mwaka 1492. Nchi waliyoitawala waliiita Andalusi. Wakati huo walipeleka au walieneza mimea mingi: mpunga, miwa, biringani, zafarani, limau, na lile chungwa kali tuliitalo danzi. Mhispania wa leo akitaka kukitaja chakula chake hana budi kutumia maneno ambayo mtoto yeyote wa chuo cha Kurani angeyatambua.

Mchele kwa Kihispania ni arroz, nao ni ar-ruzz wa Kiarabu. Sukari ni azúcar, yaani as-sukkar. Zafarani ni azafrán. Zeituni ni aceituna, yaani az-zaytuna, na mafuta yake ni aceite, yaani az-zayt. Biringani ni berenjena, na Kiarabu chake ni badhinjan. Wahispania waliyachukua majina pamoja na ile "al" yake ya mbele, kama achumaye embe pamoja na kikonyo chake, na hata leo wengi wao hawajui kwamba kikonyo kimo.

Neno linichekeshalo zaidi ni albóndiga. Hilo ni jina la vidonge vya nyama ya kusaga vitiwavyo mchuzini, chakula cha kila nyumba huko Uhispania. Asili yake ni al-bunduqa, yaani kokwa ya mviringo, kisha likawa jina la kila kitu kidogo cha duara, na hata la risasi. Kutoka mzizi huo huo Waarabu walipata jina la silaha ifyatuayo risasi, nasi tukalipokea tukasema bunduki. Basi bunduki ya askari wetu na kidonge cha nyama cha Mhispania ni ndugu wa baba mmoja, mmoja kaenda vitani na mwingine kaenda jikoni.

Na kuna escabeche. Samaki hukaangwa, kisha hulazwa katika siki iliyochemshwa kwa mafuta, thomu na pilipili manga, akakaa siku kadha bila kuharibika. Jina hili latokana na sikbaj, nyama iliyopikwa kwa siki, chakula kilichopendwa na wafalme wa Uajemi kisha na makhalifa wa Baghdad. Kwa Kiajemi cha kale siki iliitwa sik. Sina haja ya kumfasiria Mswahili. Kutoka Baghdad chakula kile kilifika Andalusi, kikaingia katika vitabu vya mapishi vya Wakristo wa Katalonia karne ya 14, na baadaye Wahispania wakakivusha bahari hadi Ufilipino. Hebu fikiri, chakula kimoja kimetembea kuliko majahazi yetu yote.

WALI WA VALENCIA

Chakula cha Uhispania kinachojulikana ulimwengu mzima ni paella, na wenyewe hasa ni watu wa Valencia, mji wa mashariki ulio karibu na bahari. Jina lake halina Uarabu. Wako watu waliojaribu kulivuta litoke katika neno la Kiarabu lenye maana ya mabaki, lakini wajuzi wa lugha wamelikataa jambo hilo. Paella ni kile kikaango chenyewe, kipana na cha kina kifupi, na neno ni la Kilatini. Uislamu wa chakula hiki haumo katika jina, umo katika wali.

Kusini ya mji wa Valencia liko ziwa lililotengwa na bahari kwa ukanda wa mchanga. Laitwa Albufera, na jina hilo ni al-buhayra, yaani bahari ndogo. Kandokando yake ndiko ulimwako mpunga. Paella ya asili hupikwa hivi: nyama ya kuku na ya sungura hukaangwa kwa mafuta ya zeituni hadi iwe hudhurungi, hufuata maharagwe mabichi na maharagwe makubwa meupe, hufuata nyanya, hutiwa maji, chumvi na zafarani, na mwisho mchele. Mchele ukishaingia hakuna kukoroga tena. Wapendao ustadi huipika juu ya kuni za mchungwa. Na moto wa mwisho huongezwa kusudi ili chini paganda ukoko, wauitao socarrat, na ukoko huo ndio ugombewao. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana ni nyumba gani ya pwani ambayo watoto hawajagombea ukoko?

Zaidi ya hayo, desturi ya kale ya mashambani huko ni watu kukizunguka kikaango chenyewe, kila mmoja na kijiko chake cha mti, akala upande ulio mbele yake bila kuvuka kwa mwenziwe. Adabu hiyo sisi tulifundishwa tukiwa bado hatujaota meno ya pili.

Wavalensia wana wivu na wali wao. Mwaka 2016 mpishi maarufu wa Kiingereza, Jamie Oliver, alipotangaza paella aliyoitia soseji ya nguruwe iitwayo chorizo, Wahispania walimjia juu kama nyuki waliochokozwa. Mwaka 2021 serikali ya jimbo la Valencia iliutangaza rasmi upishi wa paella kuwa urathi wa utamaduni. Hapana aliyewauliza nyanya yenu mmeipata wapi, wala maharagwe yenu meupe, ambavyo vyote vyatoka Marekani, wala mchele wenu.

Lakini mpunga hauoti kwa wivu, huota kwa maji. Maji ya Valencia huletwa mashambani kwa mifereji iitwayo acequia, jina litokalo katika as-saqiya. Na ipo hadi leo mahakama ya maji, ambayo kila Alhamisi saa sita za mchana hukaa mlangoni mwa kanisa kuu la mji, mahali ulipokuwa msikiti mkuu. Wakulima walioshitakiana juu ya maji husimama, husikizwa, na huhukumiwa papo hapo kwa mdomo. Asili ya mahakama hiyo husemwa ni zama za Waislamu, na mwaka 2009 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya urathi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mifereji ipo, mahakama ipo, mpunga upo. Waliopanda wa kwanza wako wapi?

SITA KATIKA KILA MIA

Valencia ilitekwa na Mfalme Jaume wa Kwanza mwaka 1238, lakini Waislamu wengi walibaki mashambani wakilima chini ya mabwana wa Kikristo. Mnamo miaka ya 1520 walilazimishwa kubatizwa. Tangu hapo wakaitwa Wamorisko, Wakristo kwa cheti na Waislamu kwa siri, au baadhi yao si hiki wala si kile, watu tu waliotaka kulima na kulea watoto wao.

Tarehe 22 Septemba 1609 ilisomwa hadharani mjini Valencia amri ya Mfalme Philip wa Tatu kwamba Wamorisko wote waondoke. Walipewa siku tatu wawe tayari kwenda walikoagizwa kupakiwa merikebuni, na ruhusa ya kuchukua kile tu wawezacho kukibeba. Katika kipindi kisichofika miaka mitano, watu kama 300,000 walitolewa katika Uhispania nzima. Jimbo la Valencia lilipoteza karibu thuluthi ya wakazi wake.

Sasa nakuomba msomaji uketi vizuri, kwa kuwa jambo hili ndilo lililonifanya niyaandike haya. Ndani ya amri ile ile kilitiwa kifungu kwamba katika kila nyumba mia za Wamorisko, sita zaweza kubakizwa. Kwa nini? Amri yenyewe yaeleza: zibaki ili zitunze majumba, vinu vya sukari, mavuno ya mpunga na mifereji ya maji, zikawafundishe wageni watakaoletwa kukaa mahali pale. Mfalme alijua! Alijua ni nani aijuaye sukari, ni nani aujuaye mpunga, ni nani ayajuaye maji. Alitaka kuwafukuza watu na kuubakiza ujuzi wao, kama mtu atakaye kukata mnazi na kubaki na madafu. Na baadaye wengi wa hao sita nao pia walifukuzwa.

Nataka lieleweke jambo moja. Waliofukuzwa hawakuwa wageni. Tangu 711 hadi 1609 ni kama miaka 900, na wengi wao asili yao ilikuwa ni watu wa nchi ile ile ambao mababu zao walisilimu. Basi siwaambii Wavalensia kwamba paella si yao. Ni yao, wameipika na wameienzi. Nasema kwamba aliyechimba mfereji naye pia alikuwa Mvalensia, na hakuulizwa.

CHAKULA KINAPOKUWA SHAHIDI

Kabla ya kufukuzwa, watu wale waliishi muda mrefu chini ya jicho la jirani. Mwaka 1478 iliundwa Uhispania mahakama ya Kanisa ya kuchunguza imani za watu, na mahakama hiyo ilipeleleza hata vyungu. Mayahudi na Waislamu waliobatizwa waliweza kushitakiwa kwa kuwa hawakula nguruwe, kwa kuwa hawakunywa mvinyo, kwa kuwa walikula wameketi chini, kwa kuwa walionekana wakila kuskusi, au kwa kuwa jiko lao lilinukia mafuta ya zeituni badala ya mafuta ya nguruwe. Mjakazi alisimama shahidi juu ya bibi yake, na ushahidi ulikuwa ni harufu.

Leo Uhispania ndiyo nchi itoayo mafuta mengi zaidi ya zeituni ulimwenguni, na huyatangaza kwa fahari katika kila soko. Harufu iliyokuwa hatia imekuwa utajiri.

Mwaka 1567 ilitolewa amri huko Granada ikataze lugha ya Kiarabu, mavazi ya kienyeji na hamamu. Mzee mmoja wa ukoo mkubwa, Francisco Núñez Muley, aliandika malalamiko kwa wakuu. Hoja yake ilikuwa nyepesi na yenye nguvu: mavazi na mila ni mambo ya mahali, si ya dini, kwani huko Mashariki wako Wakristo wasemao Kiarabu na hapana awaambiaye kwamba si Wakristo. Hakusikizwa. Mwaka uliofuata watu wa milima ya Alpujarras waliasi, na vita viliendelea hadi 1571.

Hata biringani lilitiwa katika kesi. Katika sehemu ya pili ya riwaya ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1615, Cervantes amemtaja mtunzi wa kubuni aitwaye Cide Hamete Benengeli, na yule mtumishi Sancho hulikosea jina akamwita Berenjena, yaani Bwana Biringani, kwa kuwa ilijulikana kwamba Waislamu wapenda biringani. Ulikuwa mzaha, na wasomaji waliucheka, ilhali mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu wala biringani wa mwisho kupakiwa merikebuni.

Vitamu navyo vilihamia mahali ambapo hungetazamia. Katika miji kama Seville na Toledo, masista wa nyumba za utawa ndio wasifiwao kwa vitamu vya lozi, asali na sukari. Mnunuzi hawaoni nyuso zao. Huweka pesa katika kisanduku kilichojengwa ukutani, kisanduku huzungushwa, na upande wa pili ukigeuka huja na kifurushi. Lakini namwonya ndugu yangu Mwislamu asafiriye huko: mantecado na polvorón, biskuti zile laini ziyeyukazo mdomoni, aghalabu hupikwa kwa mafuta ya nguruwe. Uliza kwanza, kisha ule.

TAMBI ZA SICILY NA KITABU KILICHOITAJA MOMBASA

Tuvuke bahari kidogo twende Sicily. Waislamu walishuka huko mwaka 827, na Wanormani walimaliza kukiteka kisiwa chote mwaka 1091. Mfalme wao Roger wa Pili alikuwa mtu wa maarifa, akamweka katika jumba lake la Palermo mwanachuoni wa jiografia, Sharif al-Idrisi, aliyezaliwa Sabta. Mwaka 1154 al-Idrisi alikamilisha kitabu chake kikubwa juu ya nchi zote zilizojulikana.

Katika kitabu hicho ameandika habari za Trabia, mahali palipo kiasi cha kilomita 30 kutoka Palermo, penye maji yapitayo na vinu vingi. Hapo, asema, hutengenezwa itriyya kwa wingi, zikapelekwa kwa merikebu hadi Calabria na nchi nyingine za Waislamu na za Wakristo. Itriyya ni tambi zilizokaushwa. Huo ni ushahidi wa kale wa tambi kutengenezwa kwa biashara katika Italia, na kusini mwa nchi hiyo, katika jimbo la Puglia, mpaka leo kuna chakula cha tambi na dengu ambacho tambi zake huitwa tria. Wengi wamezoea kuamini kwamba tambi zililetwa Italia na Marco Polo kutoka China. Marco Polo alizaliwa mwaka 1254, miaka mia moja kamili baada ya kitabu cha al-Idrisi! Hadithi hiyo ilienezwa mwaka 1929 na jarida la wafanyabiashara wa tambi wa Marekani.

Na sasa ufurahi, msomaji wa pwani. Katika kitabu hicho hicho, ukifunua kurasa za nchi za Zanj, utakuta miji ya Malindi na Mombasa imetajwa. Mtu mmoja, kalamu moja, ametuandika sisi na ameziandika tambi. Basi mama akikaanga tambi zake za Idi, akazitia sukari na iliki, na akute mtu wa kumwambia kwamba hicho ni chakula cha Kizungu, jibu lake liko Palermo tangu 1154.

Waislamu wa Sicily nao hawakuachwa. Mfalme Frederick wa Pili aliwahamisha maelfu kwa maelfu hadi mji wa Lucera, huko bara ya Italia, kuanzia miaka ya 1220. Na mwaka 1300 mji huo ulivunjwa na Charles wa Pili wa Anjou, watu wake wakauzwa utumwani. Lakini huko Trapani, pembe ya magharibi ya Sicily, wanawake bado hufinyanga chenga za ngano kwa vidole katika bakuli la udongo, wakazitokosa kwa mvuke, wakazimwagia mchuzi wa samaki. Huiita cùscusu. Wapo wasemao chakula hicho kimebaki tangu zama zile, na wapo wasemao kilirejeshwa na mabaharia wa upande wa Tunis. Vyovyote viwavyo, tangu mwaka 1998 mji wa San Vito Lo Capo hufanya tamasha la kuskusi kila mwaka, na wapishi wa pande zote za bahari ile hukutana kushindana. Na mwaka 2020 Algeria, Moroko, Tunisia na Mauritania, ambazo hazikubaliani katika mengi, zilipeleka kuskusi UNESCO kwa ombi moja, ikakubaliwa.

MRENO NA THARIDI

Wareno twawajua, walituachia Ngome mlangoni na meza nyumbani. Lakini wachache wetu wajuao walichokuwa wakila kwao. Katika nyika za Alentejo, kusini ya Ureno, chakula cha maskini na tajiri ni açorda. Hutwangwa thomu, chumvi na majani ya dania. Hutiwa mafuta ya zeituni. Humwagiwa maji ya moto. Kisha humegewa mkate mkavu ukalowa, na juu yake yai. Neno hilo latokana na thurda, mkate uliomegwa mchuzini, ndugu ya tharidi. Na aliyesoma Hadithi ajua cheo cha tharidi: Mtume, rehema na amani zimshukie, aliufananisha ubora wa Bibi Aisha mbele ya wanawake wengine na ubora wa tharidi mbele ya vyakula vingine.

Desemba 1496 Mfalme Manuel wa Ureno alitoa amri ya kuwafukuza Mayahudi na Waislamu wa nchi yake. Mwaka uliofuata Mayahudi wengi, badala ya kuachwa waende, walibatizwa kwa nguvu. Husimuliwa kwamba hapo ndipo ilipozuka alheira, soseji ya mkate, kuku na thomu ya upande wa Mirandela, iliyotundikwa juu ya moshi wa jiko ili jirani apitaye adhani ni nguruwe. Siku hizi nyingi hutiwa nguruwe kweli, basi na hapo pia uliza.

Aprili 1498, miezi kumi na sita tu baada ya amri ya Manuel, mtumishi wake Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Mombasa. Mmoja wa waliokuwa katika safari hiyo aliandika kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Mabaharia wale walishangilia matunda yale, na bila shaka yaliwaponya. Machungwa, malimau na sukari: vitu vile vile ambavyo nchi yao ilifunzwa na Waislamu iliokuwa imetoka kuwafukuza. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, merikebu zao zilirudi zikauchoma mji.

NANI AMILIKIYE CHUNGU?

Turudi kwenye swali la sinia tupu. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli na vitoweo vyake, na kando yake achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Kisha akafika Mombasa. Miaka kama ishirini baadaye alikuwa Granada. Yaani wali wa samli uliliwa pwani hii karibu miaka mia mbili kabla nyanya ya kwanza haijaingia katika kikaango cha Valencia. Kama miaka hiyo haitoshi kukifanya chakula kiwe chetu, basi na Wavalensia waivue paella yao wairudishe.

Lakini sitaki waivue. Funzo nililolipata katika jiko la Ulaya ni kwamba chakula ni cha akipikaye akakipenda akakirithisha, na kuazima si aibu; aibu ni kula cha mtu na kumkana mwenyewe. Lipo na funzo la pili, nalo ni kali zaidi kwetu. Chungu chaweza kubaki na jina la mpishi likapotea kabisa.

Mmoja aliyelijua hilo alikuwa Ibn Razin wa kabila la Tujib, mzaliwa wa Murcia mwaka 1227. Nchi yake ilipoangukia mikononi mwa Wakristo alihama angali kijana, akaishia Tunis, na huko akaandika kitabu cha mapishi ya Andalusi na Maghrib, akiyasifu ya kwao bila kuona haya. Alifariki mwaka 1293. Kitabu chake kilinakiliwa, kurasa zikapotea, hata nakala iliyo kamili ikatambuliwa katika maktaba ya British Library mjini London. Na mwaka 2021 Nawal Nasrallah, mwanamke wa asili ya Iraki, akakitoa chote kwa Kiingereza, mapishi 475. Mwenye mji wake alifukuzwa. Mwenye kitabu bado yupo nasi.

Basi nauliza: mkate wa sinia wa Lamu, kaimati, mahamri, samaki wa kupaka, vipopoo, na ule wali wa nazi ambao kila nyanya ana siri yake, ni nani aliyeviandika kwa kipimo, kwa Kiswahili, na kwa jina la aliyemfunza? Mama zetu wanaondoka mmoja mmoja, nao ndio maktaba. Kijana mwenye daftari na subira ya kukaa jikoni mchana mmoja atakuwa amefanya kazi ambayo mabishano yetu ya barazani hayataifanya kamwe.

Nami kwa kuwa desturi ya mtu haimtoki, nafunga kwa ubeti mmoja:

Wenyewe walifukuzwa, kikasalia kijiko,
Na lugha ikakatazwa, majina yangali huko,
Mpunga wao wakuzwa, hata leo una soko,
Chungu kikishaulizwa, kitasema kitokako.